Densiti kwa wanafunzi wa darasa la sita mpaka kidato cha pili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo walimu wa sayansi, wazazi wanaosaidia homework jioni na wanafunzi wenyewe wanauliza sana kuhusu densiti. Sio lazima usome yote, ruka mpaka lile linalokukera.

Densiti ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Chukua vitu viwili vyenye ujazo sawa, yaani vinakula nafasi ileile, alafu uliza kipi kina gramu nyingi zaidi. Chenye gramu nyingi ndo chenye densiti kubwa. Basi. Fomula inakuja baadae: tungamo (yaani zile gramu) gawanya kwa ujazo. Ukigawanya hivyo unachofanya kumbe ni kuvileta vitu vyote kwenye saizi moja, sentimita moja ya ujazo, ili ulinganisho uwe wa haki. Maneno ya kukazia ni "ujazo sawa", mtoto akiyashika hayo nusu ya mada imeisha, asipoyashika atakariri fomula na bado atakwambia kwamba vitu vizito vinazama.

Mbona wanafunzi wengi wanasema "vitu vizito vinazama, vyepesi vinaelea"?

Kwa sababu ndivyo wanavyoona kila siku, jiwe linazama, jani linaelea, sio wajinga. Usiwaambie tu "hapana", wape kesi inayogoma. Gogo la mwembe la kuchongea ngalawa wanalibeba wanaume kadhaa na linaelea, msumari mmoja hata mtoto mchanga anaushika na unazama. Waachie hapo dakika mbili tatu wabishane wenyewe kabla hujasema kitu, na we mwalimu ukae kimya kweli, maana hapo ndo somo lenyewe lilipo, ukiwahi kutoa jibu umeliua.

Alafu waulize: tukikata kipande cha mwembe chenye saizi ileile ya msumari, kipi kizito? Hapo wengi wanashtuka wenyewe.

Nikikata kitu nusu, densiti inapungua nusu?

Haipungui. Tungamo limepungua nusu, ujazo nao umepungua nusu, ukigawanya unapata kilekile. Kipande cha sabuni ya mche na mche mzima vina densiti moja. Hili swali liulize darasani hata kama hakuna aliyeuliza, wengi wanalo kichwani ila hawasemi.

Sisi tunafundisha kwamba densiti ni jinsi chembe zilivyobanana, kama abiria kwenye daladala. Ni sawa?

Mfano wa daladala unasaidia kwenye gesi na kwenye maji yanayopashwa moto, pale ambapo chembe ni zilezile ila zinasogeana au kuachiana. Lakini ukiutumia kwa kila kitu unapotosha. Angalia aluminiamu na dhahabu: atomu zake zimepangwa kwa mtindo mmoja na umbali kati yao unakaribia kulingana kabisa. Kwa hiyo "kubanana" ni kulekule. Ila densiti ya aluminiamu ni 2.7 na ya dhahabu ni 19.3 (gramu kwa kila sentimita ya ujazo), mara saba na kitu! Sababu ni kwamba atomu moja ya dhahabu ina tungamo la kama mara saba ya atomu moja ya aluminiamu. Idadi ya abiria ni ileile, ila kwenye gari moja kila abiria ana kilo 30 na kwenye lingine kila mmoja ana kilo 220. Mwambie mwanafunzi mambo ni mawili: chembe zimekaa karibu kiasi gani, na kila chembe yenyewe ina uzito gani.

Napimaje densiti ya jiwe wakati shule haina maabara?

Hii inawezekana kabisa, na mi naona ndo jaribio bora kuliko yote kwenye mada hii. Unahitaji mizani ndogo ya digito ya jikoni (au uende duka la jirani wakupimie), bomba la sindano jipya kutoka duka la dawa, lile la mililita 10 au 20 bila sindano yenyewe, chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani na uzi.

Kata chupa juu. Tumia bomba la sindano kuweka maji mililita 10, chora mstari kwa kalamu, ongeza 10, chora tena, endelea hivyo mpaka juu, na hapo una silinda ya kupimia. Usitumie sehemu ya chini ya chupa yenye mabonde, anzia juu yake. Pima jiwe likiwa kavu, tuseme ni gramu 78. Maji yako kwenye 50. Fungia jiwe uzi, lishushe taratibu mpaka lizame lote, maji yanapanda mpaka 80. Ujazo wa jiwe ni 80 toa 50, yaani mililita 30, na mililita moja ni sawa na sentimita moja ya ujazo. 78 gawanya kwa 30 ni 2.6. Mawe mengi ya granaiti yako hapo hapo karibu na 2.6 na 2.7, kwa hiyo jibu linaingia akilini.

Wanapokosea sana ni hapa: wanatumia 80 yenyewe badala ya kutoa 50, wanapima jiwe likiwa limeshalowa, wanasoma maji wakiwa wamesimama juu badala ya kuinama jicho liwe usawa wa maji, na wanadondosha jiwe puu mpaka maji yanaruka nje. Na uso wa maji kwenye chombo chembamba unajikunja pembeni, soma pale chini pa mkunjo.

Na kama kitu kinaelea, ujazo wake nitaupataje?

Kizamishe kwa nguvu. Kisukume kwa sindano nyembamba, au kifunge pamoja na jiwe: kwanza soma maji jiwe likiwa peke yake ndani, alafu soma jiwe na kitu vyote vikiwa ndani, tofauti ndo ujazo wa kitu chako. Karatasi na chumvi usijaribu, unajua mwenyewe kwa nini.

Mafuta ni mazito kuliko maji, yanamiminika taratibu, mbona yanakaa juu?

Kumiminika taratibu ni mnato, ni habari nyingine kabisa. Mafuta ya kula yana mnato mkubwa kuliko maji lakini densiti yake ni kama 0.92, maji ni 1. Asali ina vyote viwili, mnato mkubwa na densiti kubwa, kama 1.4, ndo inayowachanganya watu maana inazama na pia inavutika. Shida ni kwamba kwa Kiswahili cha nyumbani tunasema "uji mzito" tukimaanisha hauchuruziki haraka, mtoto anakuja na uzito huo huo darasani. Muonyeshe asali na mafuta ndani ya glasi moja ya maji, moja inaenda chini, moja inakaa juu, na zote mbili "nzito".

Ukitaka glasi ya tabaka nyingi: asali chini, alafu sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji yenye rangi, mafuta ya kula, juu kabisa spirit ya dukani. Mimina taratibu kupitia mgongo wa kijiko. Usiweke mafuta ya taa juu ya mafuta ya kula ukitegemea yatatengana, yanachanganyika yote yanakuwa kitu kimoja.

Kama chuma kinazama, meli inaeleaje?

Chukua kizibo cha soda, kile cha bati cha kufungua kwa opena. Kiweke majini taratibu kimeangalia juu kama sahani. Kinaelea. Sasa kigonge na nyundo mpaka kiwe flati, kiweke majini na ukisukume chini kidogo (usipokisukuma kinaweza kubebwa na ngozi ya uso wa maji kikakudanganya). Kinazama. Bati ni lilelile, gramu ni zilezile, kilichobadilika ni nafasi inayochukuliwa na kitu kizima pamoja na hewa iliyomo ndani. Meli ni hivyo hivyo: chuma, hewa, mizigo na watu, jumlisha tungamo lote, gawanya kwa ujazo wote wa sehemu isiyoingiza maji, ukipata chini ya densiti ya maji inaelea. Maji yakiingia ndani yanachukua nafasi ya hewa, wastani unapanda, inazama.

Mnaokaa Dar au Mombasa, siku mkipita karibu na bandari waonyesheni watoto alama zilizochorwa ubavuni mwa meli za mizigo, duara lenye mstari katikati na pembeni mistari yenye herufi. Inaitwa mistari ya Plimsoll, kutokana na Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza aliyepigania sheria ya mwaka 1876 ya kuzuia meli kujazwa kupita kiasi. Ule wenye herufi F ni wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na uko juu kuliko wa maji ya bahari. Kwa nini? Maji ya bahari yana densiti kama 1.025, kwa hiyo yanaibeba meli vizuri zaidi, meli ileile ikiingia mtoni inazama kidogo zaidi. Hili swali ni zuri sana la mtihani na halikaririki.

Barafu je? Si ni maji tu yaliyoganda?

Ni maji, lakini yakiganda chembe zinajipanga kwa kuachiana nafasi, ujazo unaongezeka kama asilimia 9, densiti inashuka mpaka karibu 0.92. Ndo maana barafu inaelea, na ndo maana chupa ya maji iliyojazwa pomoni ikiachwa friza inapasuka. Vitu vingi vikiganda vinazama ndani ya kimiminika chake, maji ni tofauti. Mafuta ya nazi yakiganda utaona yale magumu yanakaa chini, jaribuni.

Jaribio la yai na chumvi, chumvi ni kiasi gani? Kwetu limegoma.

Mnaweka kidogo, ndo tatizo kila siku. Yai bichi zima lina densiti kama 1.07 au 1.08, kijiko kimoja hakifiki huko. Kwenye nusu lita ya maji weka vijiko vya kula vinne au vitano vilivyojaa, koroga mpaka iyeyuke yote, likigoma ongeza. Alafu mimina maji ya kawaida juu yake taratibu, yai litaning'inia katikati, na darasa litapiga kelele.

Tumieni yai jipya. Yai la siku nyingi linapoteza unyevu kupitia vitundu vya ganda, hewa inaingia, gramu zinapungua wakati saizi ya nje ni ileile, kwa hiyo densiti inashuka na linaweza kuelea hata kwenye maji ya bomba. Hapo mmeshapata na jaribio la pili bure: yai linaloelea kwenye maji ya kawaida limekaa sana, lipasulie pembeni kwanza.

Hizi g/cm³ na kg/m³ zinabadilishwaje? Wanafunzi wanachanganya kila mwaka.

Zidisha kwa 1000 ukitoka ya kwanza kwenda ya pili. Ila usiwape hivyo tu, waonyeshe inatoka wapi: mita moja ya ujazo ni boksi la sentimita 100 kwa 100 kwa 100, yaani sentimita za ujazo 1,000,000. Ikiwa ni maji, hizo ni gramu 1,000,000, ambazo ni kilo 1000. Tenki la lita 1000 juu ya dari ni tani moja ya maji hiyo, bila kuhesabu tenki lenyewe, muulize fundi wako aliweka mbao gani.

Densiti linganishi ni ile ile ukilinganisha na maji, haina yuniti, dhahabu ni 19.3 basi. Mwanafunzi akiandika yuniti hapo anakatwa maki.

Hii densiti itamsaidia nini mtoto wangu kwenye maisha?

Mengi kuliko mada nyingi za kidato cha kwanza, mi naweza kuongea mpaka kesho.

Asali. Lita moja ya asali ina kama kilo 1.4. Kwa hiyo kilo moja ya asali haijazi chupa ya lita moja, inafika kama mililita 700. Mnunuzi anayelalamika "kilo gani hii chupa haijajaa" anamuonea muuzaji, na muuzaji anayejaza lita nzima akauza bei ya kilo anajipunja mwenyewe. Mafuta ya kula ni kinyume, dumu la lita 20 lina kama kilo 18 na nusu.

Maziwa. Kwenye vituo vya kukusanyia maziwa wanatumbukiza laktomita, ni kama kijiti cha kioo kinachoelea, ikisoma 30 maana yake densiti ni 1.030. Ukichanganya maji asilimia 10 inashuka mpaka karibu 1.027, unakamatwa. Sasa kuna wajanja wanaengua malai kwanza, malai ni nyepesi kwa hiyo maziwa yaliyobaki densiti inapanda, alafu wanaongeza maji inarudi palepale! Ndo maana laktomita peke yake haitoshi, kuna vituo wanapima na mafuta. Mpe mwanafunzi hii kesi bila jibu, uone nani anaing'amua.

Betri ya gari. Fundi anavuta maji ya betri kwa haidromita, kipimo cha densiti ya vimiminika, ikisoma karibu 1.27 betri imejaa chaji, ikishuka kwenye 1.15 imeisha, kwa sababu asidi imepungua kwenye maji na kwenda kwenye sahani za risasi. Hapa mwanafunzi aangalie kwa mbali, asidi inaunguza.

Mpingo. Mbao nyingi zinaelea, mpingo mkavu unazama, densiti yake ni kama 1.2. Vinyago vya mti mwingine vilivyopakwa rangi nyeusi au kiwi vipo sokoni, ukikitia kwenye ndoo kikaelea huo sio mpingo. Omba ruhusa kwanza kwa mwenye duka bwana.

Dhahabu. Wachimbaji wadogo kule Geita na Chunya wanaosha mchanga na maji, mchanga ni kama 2.6, dhahabu 19.3, maji yanabeba mchanga na dhahabu inabaki chini.

Moto. Mafuta yakishika moto kwenye kikaango usimwagie maji. Maji yana densiti kubwa, yanaenda chini ya mafuta, yanachemka ghafla na kuwa mvuke, yanarusha mafuta yenye moto jiko zima. Zima jiko, funika kikaango. Petroli nayo inaelea juu ya maji na kutembea nayo moto ukiwaka.

Na gesi, zina densiti pia? Wanafunzi wanasema hewa haina uzito.

Zina. Hewa ya chumbani ina kama kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo, chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3 kina hewa ya zaidi ya kilo 57, waache wapige hesabu wenyewe hawataamini.

Hapa kuna kitu ambacho ningependa kila mtoto akijue kabla hata ya kujua fomula. Gesi ya kupikia ya mtungi ni propani na butani, ni nzito kuliko hewa kwa kama mara moja na nusu mpaka mara mbili. Ikivuja haipandi juu, inashuka na kutanda sakafuni, inakaa kwenye kona na chini ya makabati, na dirisha la juu pekee halitoshi. Ukisikia harufu, usiwashe wala usizime taa, usiwashe kiberiti, funga regulata kama unaweza, fungua milango ipitishe hewa chini, toka nje. Gesi asilia ya Songosongo na Mtwara, inayoenda kwa bomba kwenye baadhi ya nyumba Dar, kwa sehemu kubwa ni methani, yenyewe ni nyepesi kuliko hewa na inapanda juu. Watu wanaziita zote "gesi" tu.

Maputo ya watalii Serengeti nayo ni densiti: hewa ya ndani inapashwa moto, inatanuka, nyingine inatoka kwa chini, inayobaki ina densiti ndogo kuliko ya nje. Yanaruka alfajiri kwa sababu hewa ya nje bado ni baridi na upepo umetulia.

Nifundishe fomula siku ya kwanza au nisubiri?

Subiri, kama ratiba inakuruhusu. Siku ya kwanza kubishana na kuzamisha vitu, siku ya pili kupima, siku ya tatu ndo fomula, ikija hapo wanaiona kama kitu walichokuwa wanakihitaji. Ukiweza waache wapime vipande vya saizi mbalimbali vya kitu kimoja, mfano misumari mitano, kumi, kumi na tano, wachore grafu ya tungamo dhidi ya ujazo. Inatoka mstari mnyoofu, mwinuko wake ndo densiti. Alafu kwenye grafu hiyohiyo wachore na kokoto.

Ile pembetatu ya fomula, ya kufunika kwa kidole unachokitafuta, siipendi sana, mwanafunzi anapata jibu la tungamo bila kujua kwa nini anazidisha. Afadhali ajiulize: sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7, ninazo sentimita 20, jumla gramu ngapi? Hata wa darasa la nne anajibu 54.

Kwenye mtihani wanapoteza maki wapi?

Yuniti, kwanza kabisa. Pili kuchanganya kipenyo na nusu kipenyo wakitafuta ujazo wa silinda. Tatu swali likitoa tungamo kwa kilo na ujazo kwa sentimita za ujazo, wanagawanya hivyohivyo bila kubadilisha. Nne, swali la "eleza kwa nini kinaelea", wanaandika "kwa sababu ni chepesi", hiyo haina maki, inatakiwa "kwa sababu densiti yake ni ndogo kuliko ya maji". Na mwanafunzi akipata densiti ya ubao kuwa 640 g/cm³ ajiulize kwanza kama anajua kitu chochote duniani chenye densiti hiyo, maana dhahabu yenyewe ni 19.3 tu, hapo kuna 1000 imesahaulika mahali.